Seti ya hozi za oili ya turbo: ya kupeleka ni nzuri, ya kurudisha ina kazi

Seti hii haina jina la kiwanda. Huja ndani ya mfuko wa plastiki au boksi jeupe, pamoja na kikaratasi kinachodai kwamba ni ya turbo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini) za aina ya T3 na T4 na inaingia kwenye gari lolote. Utaikuta kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road jijini Nairobi, Gerezani pale Kariakoo, Kisekka kule Kampala, na kwa wingi zaidi mtandaoni. Wanaoinunua ni wa aina mbili. Kuna mwenye Subaru ya turbo ambaye bomba lake la chuma la kupelekea oili limeziba kwa masizi, na kuna mwenye Land Cruiser ya 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2 ambayo Toyota iliitoa bila turbo, anayetaka kuiongezea. Wote wawili wanaangalia kitu kimoja: ile hozi nyembamba yenye waya wa kung'aa. Inapendeza, na kusema kweli ndiyo sehemu nzuri zaidi ya seti. Lakini turbo nyingi hufa au hufukuzwa kwenye gari bila kosa kwa sababu ya ile hozi nyingine, nene, ambayo hakuna anayeitazama.

Ndani ya mfuko kuna hozi nyembamba ya kupeleka oili, saizi ya AN4 (namba ya AN ikikua, hozi ni nene zaidi), urefu wa karibu sentimita 90. Hozi nene ya kurudisha, AN10, yenye urefu unaokaribia huo huo. Flanji ya alumini ya kukaa chini ya turbo pamoja na bolti zake mbili. Gasketi za karatasi. T ya shaba ya kuchukulia oili kwenye tundu la swichi ya presha. Nipo za kuunganishia. Na katika baadhi ya seti kipande kidogo chenye kitundu katikati cha kupunguza oili inayoingia, yaani ristrikta. Uamuzi wetu kwa kifupi: hozi nyembamba itumie baada ya kuisafisha, T usiifunge kabla hujasoma hapa chini, ristrikta ipime kwanza, na upande wa kurudisha ujiandae kukata na kubadilisha.

Kwanza ielewe kazi yenyewe, kwa sababu bila hiyo hata seti ya bei kubwa itafungwa vibaya. Oili inaingia kwenye turbo ikisukumwa na pampu ya injini. Injini ikiwa imepata moto na inaunguruma bila kukanyagwa, presha inayofika haipaswi kushuka chini ya bari 0.7, ukikanyaga, bari 3 hadi 4 ni kawaida. Ndani ya turbo kuna shafti inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nayo haigusani na beringi, inaelea juu ya utando wa oili. Oili hiyo ikishapita kwenye beringi haina presha tena. Imepigwa, imechanganyika na hewa na gesi, na inatoka chini ikiwa povu zito linalojikokota. Hakuna pampu inayolivuta povu hilo. Linashuka kwa uzito wake tu, kama uji unavyoshuka kwenye faneli. Ndiyo maana oili inaingia kwa kitundu chembamba kuliko penseli na kutoka kwa tundu linaloingia kidole. Anayepunguza tundu la chini anaufunga mfereji huku bomba la juu likiendelea kumwaga.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui: sili za turbo si za mpira. Ni ringi nyembamba za chuma, mithili ya ringi za pistoni, zinazokaa kwenye mfereji wa shafti bila kuziba kabisa. Zinafanya kazi kwa msaada wa presha ya hewa upande mmoja na ya gesi ya ekzosi upande wa pili, huku chemba ya katikati ikiwa tupu na oili ikishuka bila kizuizi. Chemba ikijaa, oili inavuka ringi na kuingia kwenye ekzosi na kwenye mabomba ya intakula (kipoza hewa inayokwenda kwenye injini). Gari linatoa moshi wa bluu, mwenye gari anaambiwa turbo imekwisha, anafunga mpya, na baada ya siku chache moshi umerudi. Turbo mbili zimelipiwa kwa kosa la hozi moja. Dalili ya kukushtua ni oili kuonekana pande zote mbili, kompresa na ekzosi, huku shafti ukiitikisa kwa vidole haichezi kupita kiasi na mapanga hayagusi nyumba yake. Hapo usihukumu turbo. Hukumu njia ya kurudishia.

Sasa turudi kwenye seti, tukianza na hozi nyembamba. Kuna aina mbili na kwa nje zinafanana kama mapacha. Nzuri ina bomba jeupe la PTFE (plastiki ya teflon) ndani ya ule waya uliosukwa. Hafifu ina mpira mweusi. Tazama mwisho wa hozi kwa tochi kupitia tundu la nati. Ukiona weupe au rangi ya maziwa, ni PTFE, ambayo huhimili joto la digrii 200 na zaidi. Ukiona weusi, ni mpira, na karibu na ekzosi mpira hukauka, hupasuka na kumwaga vipande vyake ndani ya beringi. Njia nyingine ni kuikunja: ya PTFE ni ngumu na haitaki kona kali, ya mpira inalegea mkononi. Dukani omba kuitoa kwenye mfuko. Muuzaji akikataa kufungua mfuko, nenda duka la pili.

Hata ikiwa nzuri, isifungwe kama ilivyotoka. Hozi hizi hukatwa kwa diski au msumeno, na vumbi la chuma hubaki ndani. Mimina mafuta ya taa safi upande mmoja, yapitishie kitambaa cheupe upande wa pili, kisha puliza kwa kompresa ya hewa. Rudia hadi kitambaa kibaki cheupe. Mara ya kwanza mara nyingi utaona chembe zinazometameta, ndogo kama mchanga. Chembe moja kama hiyo inatosha kuchora mstari kwenye beringi ya turbo mpya. Dakika kumi hizi ndizo dakika zenye faida kubwa kuliko zote katika kazi nzima.

Nati za AN zina uso wa mwinamo wa digrii 37 na zinaziba chuma kwa chuma. Hazitaki tepu nyeupe ya mafundi bomba wala gundi. Ikivuja, uso umechubuka au umekaza ukiwa upande. Tepu ikiwekwa hapo hukatika, kipande chake husafiri na oili, na kituo chake cha kwanza ni kitundu cha kuingilia turbo. Kemikali ya silikoni ya kuzibia gasketi nayo vivyo hivyo: isikaribie njia ya kuingiza oili.

Hozi ipite mbali na ekzosi, na uivishe soksi ya kuzuia joto pale inapokaribia. Uifunge pia isitikisike, maana ule waya wa nje hukwangua kama tupa. Ukigusana na bomba la alumini au nyaya za umeme kwa miezi michache, kitakachotoboka ni kile kingine.

Tufike kwenye T, na hapa ndipo seti hii inapowaumiza wenye magari ya Kijapani. T na nipo zake zina hesi ya 1/8 NPT, ambayo ni ya Kimarekani. Tundu la swichi ya presha ya oili kwenye Toyota, Nissan, Subaru na karibu magari yote ya Japani ni 1/8 BSPT, ambayo ni ya Kiingereza. Kwa macho huwezi kuzitofautisha: kipenyo karibu sawa, zote zimechongoka. Lakini NPT ina meno 27 kwa inchi na pembe ya digrii 60, BSPT ina meno 28 na pembe ya digrii 55. Ukiingiza kwa mkono, T inaingia vizuri mzunguko wa kwanza na wa pili, kisha inagoma. Fundi mwenye haraka anachukua spana na kuendelea. Shaba ni laini, inakubali, na anaona kazi imekaa. Kumbe meno yamesagana. Inavuja taratibu, au siku inapofunguliwa inang'oa hesi ya bloku, na kwenye bloku ya alumini ya Subaru hasara hiyo ni kubwa kuliko bei ya seti mara nyingi.

Dawa yake ni rahisi. Nenda dukani na swichi ya zamani ya gari lako mfukoni, na nunua adapta yenye 1/8 BSPT upande wa bloku na 1/8 NPT au AN4 upande wa hozi. Hakikisha inaingia kwa vidole mizunguko mitatu au minne kabla ya kugusa spana. Hesi hizi za kuchongoka ndizo pekee zinazohitaji kemikali ya kuzibia: tumia ya majimaji ya hesi, tone dogo, ukianzia jino la pili ili isiingie ndani.

Usiifunge T ikaning'inia kwenye bloku ikiwa imebeba swichi, geji na hozi pamoja. Dizeli kama 1HZ inatetemeka sana, na shaba huchoka. T ikikatika barabarani, injini inamwaga oili yote ndani ya dakika chache, na dereva asipoona taa anapoteza injini, si turbo tu. Njia salama ni kufunga nipo fupi ya chuma kwenye bloku, kisha hozi fupi ipeleke oili hadi kwenye T iliyofungwa kwa bano kwenye bodi ya gari.

Ristrikta. Kipande hiki kinawachanganya watu kwa sababu hakiandikwi ukubwa wake wala kinafaa turbo gani. Turbo zenye beringi za gololi, mfano Garrett nyingi za GT na GTX, zinahitaji oili kidogo, na tundu la karibu milimita 1 ndilo linalopendekezwa, isipokuwa turbo iwe tayari nalo ndani. Turbo zenye beringi za bushi, ambazo ndizo nyingi kwenye magari yetu, zinategemea mtiririko mkubwa kwa sababu oili ndiyo inayoibeba shafti na ndiyo inayoipoza. Hizo kwa kawaida hazihitaji ristrikta kabisa. Labda pale geji inapoonyesha presha inapita bari 4.5 injini ikiwa ya moto, na hata hapo tundu liwe milimita 1.5 hadi 2.

Tofauti ya nusu milimita unaweza kuidharau, ila fanya hesabu: tundu la milimita 1.5 lina eneo mara 2.25 ya lile la milimita 1. Kwa hiyo kufunga ristrikta ya gololi kwenye turbo ya bushi ni kuinyima zaidi ya nusu ya kinywaji chake. Itapiga kelele ya filimbi baada ya wiki kadhaa na shafti itageuka rangi ya bluu kwa joto. Pima kwa biti za keekee: ingiza ya milimita 1, ikipita kwa kulegea, jaribu 1.5. Na ukiona turbo ya bushi inavuja, usikimbilie kuweka ristrikta ili "kupunguza oili". Unaficha tatizo la kurudisha kwa kuiua beringi.

Kwa wenye Subaru kuna jambo la ziada ambalo seti haiwezi kulitatua. Kwenye baadhi ya injini za EJ za turbo, hasa zenye mfumo wa AVCS (wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka), bolti ya banjo, yaani bolti yenye tundu ndani inayopeleka oili, ina kichujio kidogo cha wavu ndani yake. Ni kama kikapu cha waya chenye ukubwa wa ncha ya kidole cha mwisho. Oili iliyokaa kilomita nyingi bila kubadilishwa hugeuka tope, tope hunasa kwenye wavu, na turbo inakauka huku taa ya oili haijawaka kwa sababu injini yenyewe bado ina presha. Turbo ikishakufa, vipande vyake navyo huingia kwenye oili. Kwa hiyo mtu anayebadilisha turbo na kufunga hozi mpya lakini akairudisha banjo ya zamani bila kuifungua ameandaa kifo cha pili. Itoe, ishike kwenye mwanga, utazame upande mmoja hadi mwingine. Huoni mwanga? Nunua mpya. Kuna mafundi wanaotoboa wavu huo na kuutupa. Mwenye kubadilisha oili kila kilomita 5,000 na kutumia filta nzuri hana sababu ya kuutoa. Wavu mpya kila turbo inapofunguliwa unatosha.

Sasa upande wa kurudisha, ambako seti hii inapoteza alama.

Anza na flanji. Iweke juu ya gasketi yake ya karatasi na utazame kwa mwanga. Katika seti nyingi tundu la gasketi ni dogo kuliko tundu la flanji, au limekaa pembeni, na ukingo wa karatasi unaingia njiani kama ulimi. Ukiifunga hivyo, umeshaweka kizuizi cha kwanza mahali pabaya kuliko pote, mdomoni mwa turbo. Kata gasketi kwa wembe ifuate tundu, au bora zaidi nunua gasketi ya chuma ya turbo yako. Ya karatasi huungua na kuvuja mapema. Uso wa flanji nao uupitishe juu ya msasa mwembamba uliolazwa kwenye kioo. Sehemu zitakazobaki bila kung'aa ni mabonde, endelea hadi zote zing'ae. Seti hizi huja na mabonde mara nyingi.

Kisha kona ya nyuzi 90 inayounganisha flanji na hozi. Hozi ya AN10 ina tundu la karibu milimita 14, na hilo linatosha kwa turbo nyingi. Lakini kona za bei nafuu hutobolewa kutoka pande mbili hadi matundu yakutane, na ndani kunabaki ngazi na mbano. Ingiza biti ya milimita 12.7, yaani nusu inchi, hadi mahali pa kukunja. Isipofika, kona hiyo haifai. Tundu likipungua kutoka milimita 14 hadi 11, njia imepungua kwa karibu asilimia 38, na povu haliwezi kujibana kama oili yenye presha. Badala ya kona kali tumia iliyopinda taratibu kwa bomba, au panga mambo ili hozi ishuke wima kutoka kwenye flanji bila kona yoyote.

Urefu. Sentimita 90 kwa hozi ya kurudisha ni ndefu kupita kiasi kwa karibu kila gari. Fundi asiyetaka kuikata huizungusha, na inakaa na tumbo kama kamba ya kuanikia nguo. Kwenye tumbo hilo oili inatuama, hewa inashindwa kurudi juu, na povu linapanda hadi kwenye turbo. Hozi hii inatakiwa kuteremka tangu mwanzo hadi mwisho, bila mahali pa kulala wala kupanda, na isiegemee zaidi ya digrii 30 hivi kutoka wima pale inapotoka kwenye turbo. Ikate. Funga tepu ya umeme kwa nguvu mahali pa kukata ili waya usichanue, kata kwa diski nyembamba ya grainda, ondoa tepu taratibu, safisha ndani kama ulivyosafisha ile nyembamba, kisha ikaze nati yake kwenye jiliwa lenye midomo ya alumini. Baada ya kufunga, kabla ya kuunganisha upande wa oili ya presha, mimina nusu lita ya oili kwenye tundu la juu la flanji kwa faneli. Ikishuka bila kusita na bila kubwabwaja, njia ni nzuri. Ikitulia na kutoa mapovu, tafuta mbano sasa hivi, turbo ikiwa bado mezani.

Mahali pa kuingilia kwenye injini pana uzito sawa na hozi yenyewe. Kwa gari lisilozaliwa na turbo, tundu hutengenezwa kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), juu ya kiwango cha oili. Pima hivi: gari likiwa sawasawa, oili imejaa hadi alama ya juu ya kijiti, tafuta urefu huo kwa nje ya sampu, kisha panda juu yake angalau sentimita 2 hadi 3. Tundu likiwa chini ya oili, hozi inajaa hadi kiwango hicho na povu halina pa kwenda. Usiliweke pia mahali ambapo kranki shafti inarusha oili moja kwa moja, maana mrusho huo husukuma oili irudi juu kwenye hozi.

Kutoboa sampu ikiwa bado imefungwa kwenye gari, kwa kupaka grisi kwenye biti ili inase chembe, ni mchezo tusioushauri. Chembe moja ikipita, inaenda kwenye pampu. Shusha sampu, toboa, chomelea nipo (ya chuma kwa sampu ya chuma, ya alumini kwa alumini kwa mashine ya TIG), osha, jaza maji ya moto kuona kama inavuja, kisha irudishe na gasketi mpya. Nipo ya kubana kwa nati iliyomo ndani ya seti hulegea kwa mtetemo. Ya kuchomelea ndiyo suluhisho.

Mwenye Subaru asihangaike na haya ya sampu. Kwenye EJ oili ya turbo inarudi kwenye silinda hedi ya kulia kupitia hozi fupi ya mpira yenye klipu mbili. Hapo hozi ya AN10 ya seti hii haina kazi. Nunua ile ya mpira ya gari lenyewe na klipu mpya. Mpira wa zamani ukiubonyeza na kuukuta mgumu kama plastiki, umekwisha, na oili inayodondoka kutoka hapo juu ya ekzosi ndiyo harufu ya kuungua inayoingia ndani ya gari ukisimama kwenye taa. Usiweke hozi ya hita wala hozi ya silikoni ya rejeta. Ya hita huvimba kwa oili, na silikoni ya kawaida huloweka na kulainika.

Hata ukifanya yote haya, kuna adui mmoja nje ya seti: injini inayopumua. Ringi za pistoni zikichoka, gesi hushuka kwenye sampu na kujaza presha tumboni mwa injini. Presha hiyo inapanda kwenye hozi ya kurudisha na kuizuia oili isishuke. Washa injini ikiwa ya moto, fungua kifuniko cha oili na kilaze kinyume juu ya tundu lake. Kikicheza kidogo, hasa kwenye dizeli, ni kawaida. Kikirushwa, usifunge turbo mpya kabla ya kushughulikia injini, au angalau kukagua briza (njia ya injini kupumulia) na valvu yake ya PCV, kwani hozi ya briza iliyoziba kwa tope huleta dalili hizo hizo na dawa yake ni kuisafisha tu.

Wosha za seti: nyingi ni za alumini, na baadhi zina makwaruzo tangu mfukoni. Nunua za shaba mpya, mbili kwa kila banjo, moja kila upande wa jicho la hozi. Ikikosekana kabisa, wosha ya shaba ya zamani inaweza kupashwa moto hadi iwe nyekundu ili ilainike tena, lakini hilo liwe la kukufikisha nyumbani.

Siku ya kuwasha, jaza oili safi kwenye tundu la juu la turbo huku ukizungusha shafti kwa kidole hadi oili itokee chini, ndipo ufunge hozi nyembamba. Kata umeme wa pampu ya mafuta, au kwa dizeli chomoa waya wa solenoidi ya kuzimia, na upige stata kwa vipindi vya sekunde 10 hadi taa ya oili izime. Rudisha umeme, washa, uiache injini iungurume yenyewe dakika 3 hadi 5 bila kukanyaga, huku ukipitisha tochi kwenye kila kiungo. Oili na filta viwe vipya siku hiyo hiyo.

Kwa ujumla, tunaipa hozi nyembamba alama nzuri ikiwa ni ya PTFE. Ina nafuu kuliko bomba la chuma la zamani lililojaa masizi yasiyotoka. Flanji inafaa baada ya kusagwa. T isifungwe moja kwa moja kwenye bloku; wosha na gasketi za karatasi viweke pembeni. Hozi nene inafaa kwa anayeongeza turbo na yuko tayari kuikata. Kwa Subaru haihitajiki. Mwenye Hiace ya 1KD au gari lingine lililotoka kiwandani na turbo na mabomba yake hayajaharibika hana sababu ya kuinunua, asafishe ya kwake au atafute ya kampuni.

Baada ya kilomita 500 rudi chini ya gari. Kaza bolti mbili za flanji gari likiwa limepoa, pangusa chini ya kila kiungo kwa kitambaa cheupe, chomoa bomba la intakula upande wa turbo na uingize kidole. Unyevu mwembamba wa oili unakubalika, kwa sababu briza nayo inapumulia huko. Kidole kikitoka kinachuruzika, anza tena na lile jaribio la nusu lita.